Mwalimu, nasoma kila usiku na bado naanguka

SWALI: Mwalimu, salamu. Niko mwaka wa pili, nasomea shahada ya biashara katika chuo kimoja hapa mjini. Kidato cha nne nilipata A-. Muhula uliopita nimeanguka yuniti mbili: takwimu 34, uhasibu 37. Sheria ya biashara nilipita kwa 46 tu. Si kwamba sisomi. Naishi Kahawa Wendani, nafika nyumbani saa mbili usiku, nakula, halafu nasoma hadi saa sita au saa saba. Notsi zangu zote nimezipaka rangi. Nikizisoma nazielewa. Nikiingia chumba cha mtihani kila kitu kinapotea. Marafiki wananiambia nijenge mazoea mazuri ya kusoma, lakini hakuna anayesema mazoea hayo ni yapi. Baada ya wiki saba nina sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia. Mwalimu, niambie ukweli: chuo si changu?

JIBU: Binti yangu, nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote nimesimama kwenye sentensi ile ile: "Nikizisoma nazielewa." Nimewashauri wanafunzi wa vyuo hapa Nairobi kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo sentensi ninayoisikia zaidi kutoka kwa wale waliojitahidi wakaanguka. Mvivu haisemi, kwa sababu mvivu anajua hakusoma. Anayeisema ni mtu kama wewe, aliyekesha na kalamu ya rangi mkononi, kisha akatazama karatasi ya mtihani kama mgeni. Acha nianzie hapo. Sapu zako tutazifikia.

Umetumia neno mazoea. Kiswahili kimelibebesha neno hilo mizigo miwili. Mazoea ni jambo unalolifanya kila siku mpaka likawa lako, kama kupiga mswaki. Mazoea pia ni kule kuzoeana: jirani unamfahamu sura, mnaamkiana kila asubuhi kwenye lango la ploti, lakini ukiulizwa jina lake la pili huna. Wewe na notsi zako mmezoeana kwa maana hii ya pili. Ukifungua ukurasa unaona kichwa cha habari, unaona mstari wa kijani, unakumbuka hata siku uliyouandika, na moyo unatulia: hii naijua. Unayoijua ni sura yake.

Fanya jaribio dogo kabla hujaendelea, na usifungue mkoba. Noti ya shilingi 200 imepita mikononi mwako mara ngapi tangu zile noti mpya zitolewe mwaka 2019? Chukua kalamu uchore kilicho upande wake wa nyuma. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Nickerson na Adams, waliwauliza Wamarekani mambo kama hayo kuhusu sarafu yao ya senti moja, kitu walichokishika tangu utotoni. Wengi hawakukumbuka ni nini kimeandikwa wapi, na hata walipowekewa michoro kadhaa mezani, ya kweli ikiwemo, wengi walichagua isiyo yenyewe. Jicho linahitaji kutambua tu ili ulipe nauli. Mtihani unataka utoe kichwani kitu ambacho hakiko mbele yako, na hiyo ni kazi ambayo, kwa jinsi ulivyonieleza, hujaifanya hata usiku mmoja.

Kuna utafiti ninaopenda kuwasimulia wanafunzi, nao ni wa mwaka 2006, wa Roediger na Karpicke katika chuo kikuu kimoja cha St. Louis, Marekani. Waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma kwa vipindi vinne mfululizo. Kundi lingine lilikisoma kipindi kimoja tu, halafu vipindi vitatu vilivyobaki wakapewa karatasi tupu waandike wanachokumbuka. Dakika tano baadaye walipopimwa, waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Wiki moja baadaye mambo yakageuka. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40, na wale wa karatasi tupu walikuwa na 61. Tena wale waliosoma mara nne ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Sasa jiangalie wewe saa sita usiku. Umesoma sura ya nne mara tatu, unafunga kitabu, unajipima pale pale kwa hisia, unaona iko. Umejipima kwenye dakika ya tano. Mhadhiri atakupima baada ya miezi miwili.

Na zile rangi. Mwaka 2013 Dunlosky na wenzake walipitia utafiti mwingi kuhusu mbinu kumi ambazo wanafunzi huzitumia. Kupaka rangi na kupigia mistari kuliwekwa kwenye daraja la chini. Kusoma tena na tena, pia chini. Mbinu mbili tu ndizo zilizopewa daraja la juu kabisa: kujipima, na kutawanya masomo katika siku mbalimbali. Sikwambii utupe kalamu zako, kama zinakufurahisha zitumie, ila usizihesabu tena kama kusoma.

Utaniuliza: mbona kidato cha nne ilifanya kazi? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho. Kumbuka shule ya sekondari. Kengele ilikuamsha kwenda prepu ya asubuhi. Muhula ulianza kwa mtihani wa kufungua, ukafuata wa katikati, ukafuata wa kufunga. Mwalimu wa kemia aliingia darasani na kukunyooshea kidole kabla hujakaa vizuri. Mwalimu wa hesabu alikupa maswali ishirini Ijumaa na kuyasahihisha Jumatatu. Mwaka wa mwisho ulifanya moku, na karatasi za KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, za miaka iliyopita ulizifanya mpaka zikachakaa. Kila siku kuna mtu aliyekuuliza ulichojua, na kila siku ulilazimika kukitoa kichwani. Ulikuwa ukijipima na kutawanya masomo kwa miaka minne bila kujua mambo hayo yana jina. Njia ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba haikuwa mali yako, ilikuwa ya shule, na ulipotoka langoni na sanduku lako uliiacha huko pamoja na kengele.

Chuoni umepewa yuniti sita, saa tatu za mhadhara kwa kila moja kwa wiki, CAT mbili, yaani majaribio ya katikati ya muhula, na mtihani mmoja. Kati ya CAT ya kwanza na ya pili hakuna anayekuuliza chochote. Ulijaza pengo hilo kwa kitu pekee ulichodhani kinaitwa kusoma, yaani kutazama. Kwa hiyo hapana, sioni popote katika barua yako dalili kwamba chuo si chako. Naona mtu aliyeondolewa kengele na asiambiwe.

Basi tuiunde nyingine.

Anza na karatasi tupu. Mhadhara ukiisha, kabla hujatoka kwenda kutafuta chapo na maharagwe, kaa dakika kumi. Funga daftari. Andika kwa maneno yako kila unachokumbuka, hata kama ni mistari minne iliyopinda. Kisha fungua ulinganishe, na ulichokisahau kiandike kwa kalamu ya rangi tofauti. Hapo rangi zina kazi. Itakuuma mara za kwanza, kwa sababu utaona jinsi ulivyobaki na kidogo, na wanafunzi wengi huacha siku ya pili wakidhani wameshindwa. Hayo maumivu ndiyo kazi yenyewe. Robert Bjork, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1990 ameyaita magumu yenye faida: kile kinachokufanya uhangaike kidogo kukikumbuka leo ndicho kitakachokaa.

Jioni, au kesho yake, geuza notsi ziwe maswali. Chora mstari wima upande wa kushoto wa ukurasa uache nafasi ya vidole vitatu, na humo uandike swali ambalo notsi za kulia zinalijibu. Mpangilio huu ulienezwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell katika miaka ya 1950 na sijaona ulioushinda kwa urahisi. Chukua sheria ya biashara. Una notsi kuhusu kesi ya mama mmoja, Carlill, aliyeidai kampuni ya Carbolic Smoke Ball zawadi iliyoitangaza, ile inayonukuliwa kwa mwaka 1893. Usiandike "Carlill ni nini?" Hilo ni swali la kutambua. Andika: Kampuni ilisema tangazo lake la pauni 100 lilikuwa maneno ya biashara tu, mahakama ilikataa kwa sababu gani? Andika: Mama huyu hakuwahi kuiandikia kampuni kwamba amekubali, ukubali wake ulipatikana wapi? Ukiweza kujibu mawili hayo huku umeziba upande wa kulia kwa mkono, ile 46 yako haitarudi. Mtihani wa sheria hukupa mtu aliyetangaza zawadi kwa atakayempata mbuzi wake aliyepotea na kukuuliza kama kuna mkataba. Aliyekariri jina la kesi hukwama hapo. Aliyewahi kujiuliza kwa nini, huandika.

Takwimu na uhasibu zinataka maelezo marefu zaidi, maana ndiko unakovuja damu.

Nina hakika karibu kamili kwamba takwimu unaisoma kwa kutazama mifano iliyokwisha kufanywa. Unafungua kitabu, mfano wa tatu, unafuata mstari hadi mstari, kila hatua inaonekana ya haki, unafika kwenye jibu, unatikisa kichwa, unaenda mfano wa nne. Hayo ni mazoea tena. Unatazama mtu mwingine akiogelea. Dawa ni ngumu lakini ni fupi: soma swali la mfano, ziba jibu kwa karatasi, fanya mwenyewe. Ukikwama, shusha karatasi mstari mmoja, ziba tena, endelea. Ukimaliza kwa kuchungulia, swali hilo bado hujalifanya. Lirudie kesho bila kuchungulia.

Kuna jambo la pili ambalo vitabu vyenyewe vinakuficha. Maswali ya mwisho wa sura ya permutesheni yote ni ya permutesheni. Ya sura ya kombinesheni yote ni ya kombinesheni. Unayapata yote kwa sababu kichwa cha sura kimeshakunong'oneza fomula. Sasa mtihani uje na hili: chama chenye wanachama kumi kinataka kuchagua watatu waende benki, kuna njia ngapi? Na hili: chama hicho hicho kinachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kuna njia ngapi? Watu ni wale wale: wanachama kumi, wanaochaguliwa watatu. La kwanza ni kombinesheni na jibu ni 120, kwa kuwa watatu wanaokwenda benki ni wale wale tu, umtaje nani kwanza. La pili ni permutesheni na jibu ni 720, kwa kuwa ukibadilishana uenyekiti na uweka hazina umepata uongozi mwingine. Fomula zote mbili unazo kichwani, wala sina shaka. Ulichokosa kukifanyia mazoezi ni kuamua ipi.

Mwaka 2007 Rohrer na Taylor walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo waliokuwa wakitafuta ujazo wa maumbo. Kundi moja lilifanya maswali aina kwa aina, la pili likachanganyiwa. Wakati wa mazoezi waliofanya aina kwa aina walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani, waliofanya aina kwa aina walipata 20 na waliochanganyiwa 63. Ndiyo maana ninakusihi: tafuta karatasi za mitihani iliyopita ya yuniti yako, zipo maktabani na kwa wenzako wa mwaka wa tatu, zichapishe, zikate swali moja moja kwa mkasi, ziweke ndani ya mfuko wa karatasi uzitikise. Kila siku chomoa matatu. Kabla hujashika kikokotoo, andika sentensi moja: hili ni swali la aina gani, na nimejuaje. Siku nyingine sentensi hiyo itakuchukua muda kuliko hesabu yenyewe. Iache ichukue.

Uhasibu una neema moja ambayo masomo mengine hayana, nayo ni kwamba hujisahihisha wenyewe. Urari, ile orodha ya salio za debiti na krediti, ukikataa kulingana, usikimbilie jibu la rafiki kwenye WhatsApp. Tafuta kosa. Chukua tofauti ya pande mbili. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, angalia kama umegeuza tarakimu mahali, ukaandika 450 badala ya 540. Ikigawanyika kwa 2, angalia kama kuna kiasi cha nusu yake ulichokiingiza upande usio wake, debiti kikaenda krediti. Wahasibu wa zamani walifundishwa hivi kabla ya kompyuta, na mimi naamini mwanafunzi aliyesaka makosa ya urari mara kumi anaielewa leja kuliko aliyenakili urari mia uliolingana. Weka daftari dogo la makosa. Andika kosa, tarehe, na sababu: nilisahau uchakavu, nilidhani mkopo ni mapato. Baada ya wiki tatu utagundua makosa yako si mengi kama unavyodhani. Ni manne au matano yanayobadilisha nguo.

Sasa kutawanya. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, na akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi sana saa na siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Ukikirudia kitu wakati kinaanza kufifia, safari ya pili kinakaa zaidi, ya tatu zaidi tena. Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, mwaka 1972 aliigeuza hali hiyo kuwa kasha. Nunua manila moja dukani, ikunje mara tano, utapata kadi 32. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Chukua kasha la viatu uligawe vyumba vitatu kwa vipande vya katoni. Kadi mpya zinakaa chumba cha kwanza na unazijibu kila siku. Ukiipata, inahamia chumba cha pili, ambacho unakifungua kila baada ya siku tatu. Ukiipata tena, inakwenda cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukiikosa popote ilipo, inarudi cha kwanza bila huruma. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo hiyo na ni nzuri, lakini wewe nakupendekezea manila, kwa sababu ya barabara yako.

Thika Road unakaa ndani ya matatu muda mrefu, muziki umejaa, haiwezekani kusoma kitabu. Kutoa simu karibu na dirisha kwenye foleni pia sikushauri, unajua mwenyewe. Lakini kadi kumi mfukoni hakuna anayezitaka. Soma swali mkifika Githurai. Irudishe kadi mfukoni. Jijibu kimya hadi Roysambu, kwa ukamilifu, kana kwamba unamwelekeza mtu. Kisha itoe uangalie. Kabla ya Ngara utakuwa umejibu sita au saba, na usomaji wa namna hiyo, kwa jinsi akili inavyofanya kazi, unazidi saa nzima ya kutazama notsi ukiwa umechoka.

Kuhusu zile saa za usiku. Hukuniambia vipindi vyako vinaisha saa ngapi, lakini ukifika nyumbani saa mbili kila siku, kuna saa fulani za alasiri ambazo sizioni kwenye barua. Huenda uko kwenye foleni, huenda uko na wenzako kwenye ngazi za hosteli mkisubiri foleni ipungue, huenda unafanya kibarua. Kama ni kibarua, nakupa heshima yangu na tutapanga kwa kuzunguka hicho. Kama ni kusubiri, hapo ndipo kengele yako inapopaswa kulia. Sitaki utengeneze ratiba ya rangi saba ya kubandika ukutani. Nimeona nyingi na hufa wiki ya pili. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1999 kuhusu njia rahisi inayosaidia watu kutimiza walichokusudia: funga nia yako kwenye tukio ambalo litatokea hata usipotaka. "Mhadhara wa mwisho ukiisha, nitakwenda moja kwa moja hadi meza ile ya maktaba, ghorofa ya pili, karibu na nguzo, nitachomoa maswali matatu." Mahali, wakati, na kitendo cha kwanza, vyote vimetajwa. Hakuna kujadiliana na nafsi kama leo unajisikia.

Simu ikae ndani ya begi, imezimwa, na begi liwe mbali na mkono. Fanya dakika 25, pumzika tano, inuka utembee. Hiyo ni mbinu ya Mwitaliano Francesco Cirillo aliyeianza akiwa mwanafunzi miaka ya 1980, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Mizunguko mitatu inakutosha kwa alasiri moja. Ukifika nyumbani usiku, kula, tazama kadi dakika kumi na tano, lala. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, na ulichosoma mchana akili hukipanga ukiwa umelala. Kwa ratiba unayoishi nayo sasa unajinyang'anya kile kile unachokitafuta.

Mazoea haya, kwa ile maana ya kwanza, yatachukua muda kuingia mwilini. Philippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha wastani wa siku 66, wengine siku 18, wengine hadi zaidi ya 250. Wewe una siku 49 kabla ya sapu. Basi huenda ukafika mtihani bado unajilazimisha, na usione hiyo kuwa dalili mbaya. Watafiti hao waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu safari. Mkopo wa serikali wa HELB ukichelewa ukashindwa kufika mjini siku mbili, siku ya tatu unaanza palipoishia, hudaiwi fidia.

Nina neno kuhusu kusoma peke yako, kwa sababu barua yako yote ina mtu mmoja ndani yake. Miaka ya 1970 Uri Treisman alikuwa Berkeley, California, akijiuliza kwa nini wanafunzi Weusi waliokuja na alama nzuri walikuwa wakianguka hesabu, ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walikuwa wakifaulu. Wengi walidhani ni uvivu au maandalizi duni. Alipokwenda kuishi karibu nao na kutazama, aliona wale wanaoanguka wakisoma kwa bidii kubwa, lakini kila mmoja kajifungia kivyake. Wale wa asili ya Kichina walifanya maswali peke yao kwanza, halafu jioni wakakutana, wakalinganisha, wakabishana, wakaulizana. Aliyekwama alijua kwamba swali lenyewe ni gumu, wala hakudhani kwamba yeye ndiye mjinga. Treisman akaanzisha vikundi vya namna hiyo, na waliojiunga navyo walibadilika sana.

Tafuta wenzako wawili, wasizidi watatu, hasa wenye sapu ile ile. Mkutane mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu. Sharti liwe moja: kila mtu aje amejaribu maswali yale yale nyumbani. Diskasheni ambayo mmoja anafundisha na wengine wananakili ni mhadhara mwingine tu. Mwenye kuelewa asimame aeleze, na mwenye kusikiliza aulize "kwa nini" mpaka yeye mwenyewe aridhike. Mkikwama wote, mwendeeni mhadhiri ofisini mkiwa na karatasi yenye jaribio lenu na mstari mlipokwama umezungushiwa duara. Mhadhiri anayeombwa "nifundishe takwimu" hana pa kuanzia. Anayeonyeshwa mstari wa tano atawapa dakika kumi zake hata kama ana darasa.

Jambo moja la kando. Ukisema kila kitu kinapotea kwenye chumba cha mtihani, huenda ni kwa sababu hukuwa umekitoa kichwani hata mara moja kabla ya siku hiyo, na hilo sasa tunalirekebisha. Lakini kama mikono inatetemeka, pumzi inakatika, na hali hiyo inakufuata hata siku zisizo za mtihani, nenda ofisi ya ushauri nasaha ya chuo wiki hii. Kwa kawaida huduma hiyo ni bure kwa wanafunzi, na mambo ya ndani hayatoki.

Kwa wiki zako saba basi. Wiki ya kwanza usisome kitu kipya. Tafuta karatasi tano za nyuma za takwimu na tano za uhasibu, kata maswali, tengeneza kadi, tafuta wenzako, chagua meza. Siku ya kwanza kabisa jifungie saa mbili ufanye karatasi moja nzima ya takwimu bila kitabu, uisahihishe kwa ukali. Utapata alama mbaya. Iandike juu ya kasha la viatu. Wiki ya pili hadi ya tano ni maswali matatu yaliyochanganywa kila siku, siku ya takwimu ikipokezana na ya uhasibu, kadi njiani, kikundi mara mbili, daftari la makosa kila Jumamosi. Wiki ya sita fanya karatasi nzima mbili kwa kila somo, kwa muda wa mtihani wenyewe, kwenye chumba chenye kelele za kawaida na si kitandani. Wiki ya saba rudi kwenye daftari la makosa na zile kadi ambazo mpaka siku hiyo zimegoma kutoka chumba cha kwanza. Usiku wa kuamkia mtihani funga kasha saa tatu.

Ikifika mwisho wa wiki ya tatu niandikie tena. Usinieleze unajisikiaje kuhusu masomo. Niambie kadi ngapi zimefika chumba cha tatu, na yale makosa manne ni yapi.